Kutosheka Si Kukosa

Leo tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi habari ya maisha ya kijiji kidogo, yaani mahali ambapo mtu hana vitu vingi wala hana haraka nyingi. Twajua ya kuwa baadhi yenu mtacheka, mkasema, "Habari hiyo twaijua, maana ndimo tulimozaliwa." Ndiyo, mwaijua, lakini jambo alionalo mtu kila siku ndilo asilolipima. Basi na tulipime pamoja.

Sisi tulio waalimu katika chuo cha waalimu tuna desturi moja. Kila mwaka, wanafunzi wa darasa la mwisho wakikaribia kutoka, huwauliza mahali wanapotaka kwenda kufundisha. Mwaka mmoja tuliwapa karatasi, tukawaambia kila mtu aandike jina la mahali na sababu yake. Karatasi zilipokusanywa tukazisoma. Karibu wote waliandika miji: huyu Dodoma, huyu Arusha, huyu Dar es Salaam. Mmoja tu, kijana wa Kintinku katika wilaya ya Manyoni, ndiye aliyeandika jina la kijiji, tena kijiji chake mwenyewe.

Tulifurahi mno, tukamsimamisha mbele ya wenzake tukamsifu, tukasema, "Tazameni, huyu amejua uzuri wa maisha ya shamba." Naye akatuinamia kwa adabu akasema, "Mwalimu, nashukuru. Lakini naona hamjasoma sababu yangu." Tukaigeuza karatasi, tukasoma nyuma yake maneno haya: "Mama yangu amezeeka, na hata sasa anakwenda mbali kuteka maji. Sikuchagua kijiji kwa kuwa maisha yake ni mepesi. Nimekichagua kwa kuwa ni mazito, na anayeyabeba ni mama."

Darasa zima likanyamaza, na sisi tukanyamaza pamoja nalo. Maana tulikuwa tumesifu kitu tusichokijua vema. Ndipo tulipoazimia kwenda Kintinku wakati wa likizo, tukae siku chache, tuone kwa macho yetu.

Wengi wenu mwalijua jina la Kintinku kwa sababu ya reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905; ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mtu akitoka Dodoma kwenda magharibi hupita Bahi, kisha Kintinku, kisha Makutupora na Saranda, ndipo gari lipande ukingo mkubwa wa Bonde la Ufa mpaka Manyoni. Kwa hiyo Kintinku iko chini, katika sakafu ya bonde, na ukingo ule huonekana kwa mbali kama ukuta. Nchi ni tambarare, yenye miiba na mibuyu, na mahali pengine udongo mzito wa mbuga ambao wakati wa mvua hushika maji hata watu wakapanda mpunga. Karibu na hapo liko bwawa la Bahi, ambalo mto Bubu humwaga maji yake humo yasipate njia ya kutoka kwenda baharini. Mvua huja mara moja kwa mwaka, tangu Desemba hata Aprili. Miezi mingine yote ni jua na upepo na vumbi.

Basi tulipofika tulipokewa kwa neno la Kigogo, "Mbukwenyi!", nalo halikutoka kwa mtu mmoja; lilitoka kila mlango tuliopita. Watoto walisalimu, wanawake waliokuwa wakipepeta walisalimu, na mzee aliyekuwa chini ya mti akasimama, ingawa miguu yake ilikuwa haina nguvu. Mjini twakaa miaka mitano ukuta kwa ukuta na mtu, wala hatumjui jina. Pale hata jua halijachwa, kijiji chote kilikuwa kimejua sisi ni nani, tumetoka wapi, na tumelala kwa nani.

Jioni tuliletewa ugali wa uwele na mboga ya mlenda, na maziwa katika kibuyu. Mwenyeji wetu, baba yake yule kijana, akatuambia, "Karibuni, waalimu. Chakula hiki hakikununuliwa. Uwele ni wa shamba lile mlilolipita, maziwa ni ya ng'ombe mliomsikia akilia, na mlenda umeota wenyewe." Tukala, tukaona ladha ya chakula ambacho mtu ajua kilikotoka. Baadaye, mbalamwezi ilipotoka, wanawake wakaleta ngoma zao za muheme. Kwa Wagogo ngoma hizo hupigwa na wanawake, tena kwa nguvu na ustadi mwingi. Watu walikuja pasipo kualikwa, wakaondoka pasipo kulipa kiingilio.

Usiku ule tulisema mioyoni, "Haya ndiyo maisha." Na kama tungaliondoka asubuhi yake, leo tungaliwaletea hotuba ya sifa tupu. Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu sisi hatukupewa jembe, tulipewa ndoo.

Tulimfuata mama yake yule kijana alfajiri, nyota zingali mbinguni. Tulikwenda mwendo mrefu, kisha tukakaa zamu yetu, maana maji yalikuwa yakipanda kisimani kidogo kidogo. Na yalipopatikana, tulipoyaonja, tuliyaona yana chumvi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya nchi ile. Jua lilikuwa limepanda tulipofika nyumbani. Sisi tulikuwa na ndoo moja moja na mabega yalituuma. Mama yule alitua ndoo yake kichwani, akashika jembe, akaenda shamba. Hakusema neno. Tukakumbuka ile karatasi.

Basi hapo tulijifunza somo la kwanza, nalo ni hili: anayeusifu ufukara wa mwenzake mara nyingi si yeye anayeteka maji. Kutosheka ni jambo moja, na kukosa ni jambo la pili. Mtu aliyetosheka ana vitu vichache kwa kuwa vinamtosha. Mtu aliyekosa ana vitu vichache kwa kuwa hana njia ya kupata vingine. Kwa mbali watu hawa wawili hufanana, wote wana mkeka mmoja na chungu kimoja. Lakini mmoja hulala usingizi, na mwingine hukesha akihesabu siku za njaa.

Na njaa Ugogo si hadithi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita katika nchi ile, na kila upande ulichukua ng'ombe na nafaka za watu, ukachukua na vijana kuwa wapagazi. Kisha mvua zikakosekana. Mwaka 1918 likaja pia homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Ikawa njaa kubwa iliyodumu hata mwaka 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wanahistoria hukisia ya kuwa katika wilaya ya Dodoma peke yake walikufa watu wapatao 30,000, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano. Wasikilizaji, watu wale walikuwa na maisha ya kawaida kabisa, hawakuwa na anasa hata moja. Wala unyofu wa maisha yao haukuwaponya, kwa maana akiba yao ilikuwa imechukuliwa.

Je, tuseme basi ya kuwa maisha ya kijiji hayana faida? La, hasha. Tazameni jinsi wazee wa Ugogo walivyopanga mambo yao zamani, mtaona ya kuwa hawakuwa wajinga. Nyumba yao ya tembe ni fupi, ina dari bapa la miti lililofunikwa udongo. Katika nchi ya mvua nyingi ingaliporomoka. Lakini katika nchi ya jua na upepo, tembe ni baridi mchana na joto usiku, na juu yake huanikwa nafaka mbali na mbuzi. Walipanda mtama na uwele kwa kuwa mazao hayo huvumilia jua. Na mwenye ng'ombe wengi hakuwafunga wote katika zizi moja. Aliwagawa, huyu akampa jirani amchungie wawili, yule akampa ndugu aliye mbali watatu. Anayechunga alikunywa maziwa na kupata mbolea, na ng'ombe walibaki mali ya mwenyewe. Hivyo ugonjwa ukiingia mahali pamoja, au mvua ikikosa upande mmoja, mali yote haikuisha. Tena aliyekunywa maziwa ya ng'ombe wako hawezi kukufungia mlango siku ya shida.

Hii ndiyo siri ya kijiji kidogo. Mjini mtu huweka akiba yake benki. Hapa waliiweka kwa jirani. Ujirani wao haukuwa tabasamu na salamu tu, bali ulikuwa ghala. Na ghala hilo lilihitaji kujazwa kila siku, kwa kusaidiana kulima, kwa kuzikana, kwa kupeana moto na chumvi. Mtu asiyekwenda kulima kwa mwenzake alijua ya kuwa shamba lake litalimwa na mikono yake miwili peke yake.

Tutoe na mfano wa pili, ili msidhani ya kuwa kila kilicho kikubwa kinashinda kilicho kidogo. Hapo hapo Ugogo, upande wa Kongwa, serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 shamba kubwa la karanga. Iliazimia kulima ekari 150,000 mwaka wa kwanza tu, na baadaye mamilioni. Zikaletwa trekta na mashine za kung'oa miti. Mizizi ikavunja majembe ya chuma, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua zikapungua. Mwaka ule wa kwanza ekari zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukaachwa, fedha zaidi ya pauni milioni 35 zikiwa zimepotea. Baadaye sehemu ya nchi ile ikafanywa ranchi ya ng'ombe. Mzee yeyote wa Kigogo angaliweza kuwaambia tangu mwanzo ya kuwa nchi ile yafaa mifugo, na ya kuwa mvua yake haiaminiki. Ila sharti aulizwe, tena asikilizwe.

Lakini tusiegemee upande mmoja. Zamani Wagogo hawakukaa kijijini kama tujuavyo sasa. Kaya zao zilitawanyika, kila mtu karibu na shamba na malisho yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Tanzania ilitaka watu wakae pamoja katika vijiji, wapate shule, zahanati na maji. Mwaka 1971 kazi hiyo ilifanywa kwa nguvu katika mkoa wa Dodoma, na miaka iliyofuata ikaenea mikoa mingine. Wengi walihamishwa pasipo hiari, na mashamba ya wengine yakawa mbali, na udongo uliozunguka makazi ukachoka upesi kwa kukanyagwa na ng'ombe wengi. Hata hivyo watoto wengi walipata darasa la kwanza kwa sababu hiyo. Ukimwuliza mzee wa siku zile atakupa habari zote mbili, machungu na matamu, wala hatakuficha moja. Nasi twajifunza ya kuwa ujirani hauwezi kuamriwa; lakini shule nayo haiwezi kumfuata mtoto mmoja mmoja porini.

Sasa turudi kwa yule kijana, maana twajua mwamngojea. Siku ya mwisho ya safari yetu tulikaa na baba yake chini ya mbuyu, tukamwuliza, "Baba, je, wewe ungependa mwanao arudi hapa?" Mzee akafikiri sana, akachora chini kwa fimbo yake, akasema, "Mwalimu, nampenda mwanangu, nami nataka awe karibu nami. Lakini sitamwita arudi kuja kukaa nami katika shida niliyokaa mimi. Akirudi, na arudi na kitu." Tukadhani asema habari ya fedha. Akatikisa kichwa. "Siyo fedha. Fedha huisha Jumamosi. Na arudi na maarifa, na neno lake lisikiwe huko wanakopanga habari ya maji."

Wasikilizaji, maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike hotuba hii. Vijana wengi huondoka kijijini wakisema, "Huku hakuna kitu." Wakifika mjini hukaa wanne chumba kimoja, wakanunua maji kwa ndoo, wakanunua mboga ambayo kwao huota pasipo kupandwa. Kisha wazee waliobaki hulalamika ya kuwa vijana wamepotoka. Lakini kama kijiji hakina maji wala zahanati, tena hakina kazi yenye heshima, tutamlaumuje kijana? Mtu hakimbii maisha ya kawaida. Anakimbia taabu isiyo na mwisho. Ondoa taabu hiyo, kisha uone ni wangapi watakaochagua mbalamwezi na ngoma.

Na taabu yaweza kuondolewa. Miaka hii ya karibuni serikali imeanzisha mradi wa maji uitwao Kintinku–Lusilile, uliokusudiwa kuhudumia vijiji 11 vya bonde lile. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hata Dodoma mwaka 2024, imekusudiwa kuendelea mbele kwa njia ya Makutupora mpaka Tabora. Mambo haya hayakiharibu kijiji, mradi watu wenyewe wajue ni kitu gani wanachotaka kukilinda. Maana wako watu ambao bomba likifika huacha kukutana, na barabara ikifika huuza nafaka yote hata mbegu. Hao wameondoa ukosefu, nao wakapoteza kutosheka.

Basi yafaa tuwaachie mambo manne ya kufikiri jioni hii.

Kwanza, msiuze chakula chote. Kila kaya iweke ghalani nafaka ya kutosha hata mavuno yajayo, tena na ya ziada kidogo, maana mvua ya Ugogo haina ahadi. Akiba haiozi.

Pili, kazi ya maji isiwe ya wanawake na wasichana peke yao. Mvulana mwenye nguvu ya kucheza mpira saa mbili ana nguvu ya kubeba ndoo moja. Na palipo na mradi wa maji, mwanamke awemo katika kamati yake, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye urefu wa njia.

Tatu, ule ujirani wa zamani uendelee kwa njia mpya. Kama si ng'ombe wa kugawana, basi na kiwe chama cha kuweka akiba, au kulimiana kwa zamu, au kumlipia mtoto wa mjane madaftari. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba kiwe kimoja.

Nne, nanyi waalimu wenzetu, na wanafunzi mtakaokuwa waalimu: msiende kijijini kama mtu aliyefungwa, akihesabu siku za kuhamishwa. Wala msiende kama mtalii, mkausifu umaskini wa watu. Nendeni kama jirani. Pandeni mti mbele ya nyumba yenu ya shule, hata kama kivuli chake atakikalia mwingine.

Yule kijana alipelekwa kwanza mahali pengine, kama ilivyo desturi ya kazi. Akafundisha miaka michache, kisha akaomba kurudi, akakubaliwa. Katika barua aliyotuandikia alisema ya kuwa siku hizi mama yake hateki tena kwa nyota. Maji ameyapata karibu. Akaongeza habari ndogo, nasi twaisoma kwenu kwa kuwa ni kubwa kuliko sifa zetu zote: "Mama hakununua kitu kipya, Mwalimu. Chungu ni kile kile na mkeka ni ule ule. Lakini asubuhi namkuta amekaa mlangoni anaota jua, na jirani yake amekaa karibu naye, wanazungumza. Zamani sikumwona akikaa."

Wasikilizaji, hayo ndiyo maisha ya kawaida tunayoyatamani: mkeka ule ule, na nafasi ya kuukalia.